Goti la Mwalimu Twiga

Watoto wa chekechea walimwita Mwalimu Twiga, na jina lilimkaa vizuri hata wazazi waliokuja kuchukua watoto wao mchana walilitumia bila kuona haya. Alikuwa mwanamke mrefu, shingo imesimama, mikono ya kufikia rafu ya juu kabatini bila kupanda kiti. Lakini jina halikutokana na urefu peke yake. Lilitokana na namna alivyozungumza na mtoto. Hakuwahi kumsemesha mtoto akiwa amesimama wima. Mtoto akimjia na neno, liwe la penseli iliyoibwa au la ndoto ya jana, Mwalimu alikunja magoti akashuka, akashuka, mpaka macho yake yakakutana na macho ya yule mtoto. Ndipo aliposema, "Haya, niambie." Miaka mingi nyuma kitoto kimoja kilimwona akishuka hivyo kikapiga kelele, "Twiga anakunywa maji!" Darasa zima likavunjika mbavu, naye akacheka nao mpaka machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo jina likawa linarithiwa darasa kwa darasa, kama sweta ya kaka mkubwa.

Asubuhi ambayo goti lilianza, hakukuwa na ajabu yoyote. Hakuanguka, hakuteleza, hakubeba mzigo. Msichana mmoja aliyefungwa vifungo vya shati upande juu upande chini alimjia na habari kwamba mdogo wake ameota jino. Mwalimu akashuka, akalistaajabia lile jino ambalo hakuliona, akamfungua vifungo na kumfunga upya. Alipotaka kuinuka, goti la kulia likasema ka! Maumivu yakamchoma chini ya pia ya goti, kama mtu ameweka msumari pale na kuugonga pigo moja. Akaishika meza. Akabaki nusu chini, nusu juu, jasho jembamba likimtoka juu ya mdomo.

"Mwalimu, umekwama?" akauliza yule msichana.

"Sijakwama, mama. Ninafikiri."

"Unafikiri nini?"

"Ninafikiri habari za jino la mdogo wako."

Mtoto akaridhika, akaenda zake. Mwalimu akajivuta juu kwa nguvu za mikono, akajipangusa, akaendelea kufundisha herufi kana kwamba hakuna lililotokea.

Kama lingeishia hapo, lingekuwa jambo la kucheka. Lakini goti lilikuwa limepata sauti, na aliyekwisha kupata sauti hanyamazi kirahisi. Lilimsema alipoinuka kitini. Lilimsema alipogeuka kitandani. Zaidi ya yote lilimsema kwenye ngazi, maana yeye na mumewe waliishi ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti, na kushuka kulimuuma kuliko kupanda. Alianza kushuka kwa ubavu kama kaa, mkono mmoja kwenye chuma cha ngazi. Akisikia jirani anakuja, alijisimamisha akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Shuleni nako kuchechemea hakufichiki. Mpishi, mama mmoja mnene mwenye roho nzuri, ndiye aliyeanza. "Baridi hiyo," akasema, akikoroga sufuria. "Unakanyaga sakafu asubuhi bila ndara. Baridi inaingia kwa unyayo, inapanda, ikifika gotini inakuta kona, inachoka, inajenga nyumba." Mlinzi wa getini, ambaye kwa miaka yote alitabiri hali ya hewa kwa kiwiko chake, alimpokea kama mwanachama mpya. "Mvua, Mwalimu. Subiri uone." Mvua haikunya. Alipoulizwa, akasema basi imenyesha kwingine. Dada yake Mwalimu, aliyeolewa mji mwingine, akamwambia kwenye simu kwamba ni uzito.

"Uzito gani, na mimi ni mwembamba kama mpini wa fagio?"

"Basi ni mawazo," dada akasema, bila kuyumba hata kidogo.

Kila mmoja aliliona goti lile kwa jicho lake, na kila mmoja akaja na dawa yake. Mwalimu akapokea zote, maana mfa maji haishi kutapatapa. Akavaa soksi nene. Akajipaka mafuta ya kuchua yenye ukali wa kuzibua pua za darasa zima. Akameza vidonge vya maumivu, vikamtuliza mchana na kumwacha jioni. Mwalimu mkuu, ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, alimshika bega akamwambia kwa upole, "Ni umri tu, Mwalimu. Hata gari likitembea sana, kuna vitu huisha." Alisema kwa nia njema kabisa. Na hilo ndilo lililomkata maini.

Kwa sababu Mwalimu alikuwa na jibu lake mwenyewe, na jibu hilo hakumwambia mtu. Jioni alijifungia bafuni, akapandisha gauni, akaliangalia goti lake kama mtu anayemwangalia mgeni asiyealikwa. Halikuwa limevimba. Halikuwa jekundu. Lakini alipolikunja akasikia ndani yake mkwaruzo, kama mchanga kati ya vigae viwili, na mkwaruzo huo aliujua. Aliusikia zamani, alipokuwa akimsaidia mama yake kuvaa soksi.

Mama yake alianza hivyohivyo. Goti kwanza, la kulia. Kisha fimbo. Kisha wakamleta mjini akae nao hapa ghorofa ya tatu, apate matunzo. Alipanda zile ngazi akipumzika kila hatua chache, akacheka akasema nyumba ya mwanawe iko karibu na mbingu. Hakuzishuka tena kwa miguu yake. Kutoka fimbo akaenda kwenye kiti cha dirishani, kutoka kitini akaenda kitandani, na miguu ile iliyolima mashamba mawili ikawa myembamba kama ya mtoto. Mwalimu aliyaosha yale magoti kwa mikono yake mwaka baada ya mwaka. Sasa, bafuni, akajiambia moyoni, "Basi zamu yangu imefika." Akateremsha gauni, akatoka, akaandaa meza.

Mume wake alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa chini ya jengo hilohilo: viti viwili, redio moja, na kioo kikubwa kilichoonyesha barabara yote nyuma ya kichwa cha mteja. Mtu anayefanya kazi mbele ya kioo huona dunia bila kuikodolea macho. Alikuwa amemwona mkewe akipita asubuhi, mguu mmoja ukiogopa ardhi, mkono kiunoni. Akangoja aambiwe. Alipoona haambiwi, jioni moja alifunga duka mapema, akapanda juu, akachemsha maji, akaja sebuleni na beseni na taulo begani.

"Lete mguu, Mwalimu," akasema. Wao wawili waliitana hivyo, kwa kazi zao, tangu siku za uchumba. Ulianza kama utani, ukageuka jina la mapenzi.

"Mguu upi?"

"Huo unaouficha."

"Nani kakuambia?"

"Kioo."

Akataka kukasirika, akashindwa. Akamnyooshea mguu. Kinyozi akakaa kwenye zulia, akaloweka taulo, akalikamua, akalifunika goti kwa taulo la moto, akaweka viganja vyake juu. Mikono yake ilikuwa laini kuliko ya mwanamume yeyote aliyemjua, kwa maana ilishinda kutwa katika povu na mafuta ya nywele.

"Linauma sana?"

"Linaumauma."

"Kuumauma ni kuuma mara mbili," akasema Kinyozi.

Mwalimu akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamjia, akaugeuzia uso ukuta. Hakusema neno juu ya mama yake. Kinyozi naye hakusema. Lakini wote wawili walikuwa wakimwona, pale dirishani.

Tangu siku hiyo Kinyozi akaanza kumpenda mkewe kwa mikono yote miwili. Alifunga duka mchana kwenda sokoni, akarudi na nyanya za kupondeka, maana hakujua kuchagua. Alipandisha vyombo vyote vya rafu ya chini, mkewe asije akainama. Maji akayaweka kando yake, rimoti kando yake, kikapu cha kufuma kando yake. Akitaka kuinuka, aliambiwa, "Kaa, kaa, nakuja." Jumamosi walizoea kutembea hadi daraja la reli na kurudi, wakila karanga na kuwasengenya watu kidogo. Matembezi hayo yakakoma. "Goti likipona," Kinyozi akasema. Binti yao, aliyefanya kazi mbali, akampigia simu baba yake kumsifu. Majirani nao wakasema mume kama yule hapatikani tena. Ukweli ni kwamba Mwalimu mwenyewe aliona raha. Nani asiyependa kudekezwa?

Kisha Kinyozi akapiga hatua moja mbele zaidi. Akavaa shati lake jeupe, akaenda shuleni bila kumwambia mkewe, akazungumza na mwalimu mkuu. Wiki iliyofuata Mwalimu Twiga akaitwa ofisini. Akaambiwa kwa maneno matamu kwamba amepumzishwa darasani. Atakaa mapokezi, apokee simu na kuwakaribisha wazazi. Kiti chenye magurudumu, mto wa mgongo, hakuna kuinama. "Mumeo anakujali sana," mwalimu mkuu akamwambia. Mwalimu akasema asante. Angesema nini? Darasa lake akapewa binti aliyetoka chuoni, mchangamfu, mwenye magoti mapya.

Mapokezi palikuwa na ukimya wa ajabu. Kutoka pale alisikia sauti za watoto kupitia ukutani bila kuyasikia maneno. Alikaa asubuhi, akakaa mchana, akarudi nyumbani akakaa. Cha ajabu ni kwamba goti, badala ya kushukuru, lilizidi. Akikaa muda mrefu liligoma kunyooka. Hatua za kwanza baada ya kuinuka zikawa za mtu anayetembea juu ya mayai. Paja lake la kulia, akalitazama siku moja bafuni, limenywea kidogo kando ya mwenzake. Naye akalisoma kama alivyokwisha kuamua kulisoma: njia ni ileile, mama.

Siku moja wakati wa mapumziko, yule msichana wa vifungo akachungulia mlangoni.

"Mwalimu, kwa nini Twiga hanywi maji siku hizi?"

"Twiga anaumwa goti."

Mtoto akafikiri. "Atakufa kiu," akasema, akakimbia.

Ndipo akaja mama mdogo.

Mama mdogo alikuwa ndiye ndugu wa mwisho aliyebaki wa mama yake, bibi mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Alikuja mjini kumwona mjukuu aliyejifungua, akasema hataondoka bila kupita kwa mwana wa dada yake. Kinyozi alipomwona mlangoni pa duka na kifurushi chake, aliacha mteja na povu kidevuni, akataka kumbeba mzigo na, kama ingewezekana, mama mdogo mwenyewe. Bibi akampiga kikofi cha mkono. "Baba, sijafika huko." Akapanda ngazi, akisimama kila ghorofa kuhema na kusema maneno yasiyofaa kuandikwa juu ya watu waliojenga nyumba juu ya nyumba.

Mwalimu akasikia vishindo, akajivuta hadi mlangoni. "Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona umeshika ukuta? Nyumba inaanguka?"

Wakakaa. Chai ikaja, Kinyozi akiileta, akairudisha kuongeza sukari, akaileta tena, akashuka kwa mteja wake. Mama mdogo alimtazama akitoka, akamtazama mpwa wake aliyekuwa hajanyanyuka, akavitazama maji, rimoti na kikapu vilivyopangwa kumzunguka kama kuta. Kikombe chake akakiweka chini.

"Goti?"

"Goti, mama mdogo. Kama la mama."

"Kama la mama," bibi akarudia. Akanyoosha mguu wake mwenyewe, akalikunja goti mbele ya Mwalimu. Likalia kraa, kraa, kama mlango usiojua mafuta. "Na hili je? Hujawahi kulisikia? Mimi na mama yako tulianza kuumwa msimu mmoja. Yeye la kulia, mimi yote mawili. Tukaenda kwa daktari mmoja tukaambiwa maneno yaleyale."

Mwalimu akamtazama. Maisha yake yote alijua mama mdogo anatembea, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

"Sasa ikawaje yeye..."

"Yeye alikuwa na nyinyi," akasema mama mdogo. Hakulisema kwa ukali. Alilisema polepole, akichagua mahali pa kulikanyaga. "Watoto wazuri. Akitaka maji, mmoja ameshakimbia. Akitaka kuinuka, wanne wamemkalisha. Mlimpenda sana, mwanangu, na yeye akapenda kupendwa, na haki yake, alikuwa amechoka. Mimi nilikuwa na kuku. Kuku hawaulizi habari za goti. Asubuhi wanataka kufunguliwa. Nililia mara ngapi njiani kwenda bandani, Mungu ndiye anajua. Nikaenda hivyohivyo."

Chini, redio ya Kinyozi iliimba.

"Kwa hiyo sisi ndio tulio..." Mwalimu akashindwa kumaliza.

"Hapana. Usinitilie maneno mdomoni. Alikuwa na moyo, alikuwa na sukari, alikuwa na mengi. Huzuni ya kufiwa na baba yenu pia ilimkalisha. Sisemi mlimuua, nasema hamkujua, na mimi sikujua. Mimi nilinusurika kwa kukosa msaidizi." Akacheka kicheko chake cha ng'ambo ya mto. "Na mimi si daktari. Nenda kaonekane. Siku hizi kuna watu wa kazi hiyo. Lakini usiniambie kwamba goti lako ni la mama yako. Mama yako alizikwa na lake."

Mwalimu akalia pale, mkono wa mama mdogo mgongoni kwake. Baadaye bibi akasema chai imepoa, na kwamba angependa nyingine, na kwamba yeye haendi jikoni kwa watu. Mwalimu akaelewa. Akashika mikono ya kiti, akainuka, akaenda kuchemsha maji mwenyewe, akikunja uso kila hatua. Chai ile ilikuwa na majani mengi mno. Mama mdogo akainywa yote.

Kwenye kliniki alikutana na mwanamke kijana mwenye nywele fupi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Huyu hakuanza na goti. Alimuuliza anafanya kazi gani, anakaa ghorofa ya ngapi, anapenda kufanya nini siku ya mapumziko. Alimuuliza kama goti hukwama kabisa, kama huvimba likawa moto, kama ana homa, kama alianguka. Hapana, hapana, hapana. Kisha akamlaza, akalikunja na kulinyoosha goti, akabonyeza huku na huku, akaupima mguu mmoja kwa mwingine kwa kusukumana nao.

"Mama, unadhani ndani ya goti kuna nini?" akauliza.

Mwalimu akashangaa kuulizwa. "Limesagika. Kila nikikanyaga, linaisha."

"Ndiyo maana hulikanyagii."

"Ndiyo."

Kijana akavuta kiti akakaa, macho yao yakawa sawa, na Mwalimu, ambaye alikuwa amefanya hivyo kwa watoto maisha yake yote, akahisi jinsi inavyokuwa kufanyiwa. "Gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limepungua kidogo, hilo ni kweli, kama kwa watu wengi wa umri wako, na wengine wao hata hawajui. Lakini goti si sabuni, mama, kwamba kila ukilitumia linaisha. Goti ni kiungo hai. Likitembezwa ndipo linapolishwa. Misuli ya paja ikiwa na nguvu, inalibebea mzigo. Wewe umeipumzisha misuli mpaka imelala, goti limeachiwa kazi peke yake. Na maumivu haya ni kama king'ora cha gari. Kimewekwa kwa ajili ya mwizi, lakini kikishakuwa chepesi, hata paka akiruka juu kinalia. Kinalia kweli, sikatai. Ila si kila kikilia gari limeibwa."

"Kwa hiyo nikiumia kidogo nikiwa natembea, siliharibu?"

"Maumivu kidogo yanayotulia baadaye hayaliharibu. Likiuma sana mpaka kesho yake, umezidisha, punguza, usiache. Likivimba ghafla au likikataa kubeba mwili, njoo unione."

Akamfundisha kukaa na kusimama kutoka kitini bila kushika, polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Akamfundisha kuinua mguu ukiwa umenyooka. Ngazini, kupanda atangulize mguu mzima, kushuka atangulize unaouma, mpaka nguvu zirudi. Hakumpa ahadi. Alimwambia itachukua miezi, na kwamba siku mbaya zitakuwapo.

Kazi ngumu kuliko mazoezi ilikuwa kumwambia Kinyozi.

Alimkuta dukani mchana, hakuna mteja. Akakaa kwenye kiti cha kunyolea, mumewe nyuma yake, wakazungumza kupitia kioo, kwa maana kuna maneno ambayo hupita vizuri zaidi yakipitia kando.

"Kinyozi, nataka kukuomba kitu."

"Sema, nikuletee."

"Hicho ndicho. Usiniletee."

Akamweleza yote, ya mama mdogo na ya kliniki. Akamwambia anataka kurudi darasani. Uso wa Kinyozi kwenye kioo ukabadilika. Akachukua brashi, akaanza kuisafisha na ilikuwa safi.

"Kwa hiyo nimekuwa nakudhuru."

"Umekuwa unanipenda. Sasa nipende kwa njia nyingine."

"Unajua nani alimteremsha mama yako?" akasema Kinyozi ghafla. "Siku ile ya hospitali. Ninyi mlikuwa mmetangulia kutafuta gari. Nilimbeba mgongoni, mkwe wangu, mtu ambaye nilikuwa namwonea haya hata kula mbele yake. Alikuwa mwepesi kama koti. Alinishika shingo akasema, 'Samahani, baba, nimekusumbua.' Nilipoona unashika kiuno, nikasema, hapana. Huyu hatafika huko. Huyu nitamkalisha mapema, asichoke." Akaigeuza brashi mkononi. "Sikujua njia nyingine."

Miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia. Mwalimu akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akamshika mkono wenye brashi. Wakakaa hivyo mpaka mteja akaingia, akakohoa, akasema atarudi. Kinyozi akamwambia aingie tu, mama ndiyo kwanza amemaliza kunyolewa.

Akarudi darasani. Haikuwa hadithi ya miujiza. Wiki za mwanzo aliuma meno. Alifanya mazoezi yake ya kukaa na kusimama mbele ya watoto, nao wakadhani ni mchezo, wakaudai kila siku: Mwalimu akisema "kaa" wanakaa, akisema "simama" wanasimama, na anayefanya haraka anatolewa mchezoni. Kuchuchumaa hadi chini hakukurudi, angalau si kama zamani, na alilihuzunikia jambo hilo kwa haki yake, kama mtu anavyohuzunikia nyumba aliyohama. Lakini watoto hawakai na huzuni muda mrefu. Mmoja alipotaka kumwambia siri na kumkuta hashuki, alivuta benchi, akapanda juu, akamshika mabega, akasema, "Haya, nikuambie." Kuanzia hapo benchi likawa na foleni.

Jumamosi wakaanza tena kutembea. Kwanza hadi kona, kisha hadi duka la vitambaa, baadaye wakafika darajani, wakakaa kwenye ukingo kupumzika. Kinyozi alijifunza kutomshika kiwiko. Ilimchukua muda, mkono wake ulikuwa ukienda wenyewe, naye akiurudisha mfukoni kama anayemwita mbwa. Sokoni wakaenda wote, akafundishwa nyanya.

Kisha ikaja siku mbaya, kama walivyoambiwa. Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Mwalimu alipotaka kushusha miguu kitandani, goti likamchoma vilevile kama siku ya kwanza, na ile hofu ya zamani, aliyodhani imehama, ikaingia bila kubisha hodi. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Kinyozi alikuwa ameshavaa, mkono mlangoni.

"Leo likoje?"

"Leo limenuna."

Alimwona mumewe akifungua mdomo, akaufunga. Akamwona akitazama chupa ya chai iliyokuwa jikoni, mbali, na viatu vya mkewe vilivyokuwa upande wa pili wa chumba. Kifua chake kikapanda, kikashuka.

"Haya, Mwalimu," akasema Kinyozi. "Nakwenda kufungua duka."

Mlango ukafungwa. Mwalimu akabaki peke yake na goti lake. Akangoja kusikia vishindo vya mumewe akiteremka ngazi, kama alivyovisikia kila asubuhi ya ndoa yao. Havikuja. Akategea sikio. Nje ya mlango, hatua chache tu kutoka alipokaa, palikuwa na mtu aliyesimama kimya, asiyeingia, asiyeondoka. Alisikia hata pumzi yake.

Akatabasamu. Akaweka viganja juu ya mapaja, akainama mbele kama alivyofundishwa, akajiinua. Goti likapiga kelele yake. Akaliacha lipige. Akasimama, akangoja, akapiga hatua moja, kisha nyingine, ya tatu ikawa nyepesi kidogo.

"Nenda kazini, Kinyozi," akasema kwa sauti. "Nimesimama."

Kikasikika kikohozi kidogo cha mtu aliyefumaniwa, kisha viatu vikaanza kushuka ngazi, kimoja baada ya kingine, bila haraka yoyote.